Kinywa cha Kwanza cha Papa Evariste

Baba yangu Evariste hana adabu mbele ya pombe. Nalisema hili mimi mtoto wake wa kwanza, na ninalisema kwa upendo. Mbele ya watu ni mpole, mbele ya padri anainamisha kichwa, lakini umpe kibuyu cha pombe na umwulize iko namna gani, atakuambia ukweli hata kama umeipika kwa ajili ya harusi yako. Hapa Kasongo wako watu ambao hawajamsamehe mpaka leo. Shauri yao.

Kazi yake mwenyewe ilikuwa kusukuma velo, baiskeli ya mizigo. Ujana wake wote alisukuma mahindi na mchele kati ya Kabambare na Kasongo, mizigo mirefu kuliko yeye, matope mpaka magotini. Ni katika njia hiyo, pale Wamaza, ndipo alipomkuta mama. Mama Victorine alikuwa msichana wa Kibangubangu mwenye mdomo mkali, anauza pombe ya mahindi kando ya barabara. Wapita njia wote walikuwa wanakunywa na kusifu, labda pombe, labda msichana. Baba akashusha mzigo, akanywa, akasema imekaa siku moja zaidi. Mama akamwambia kama anajua sana basi apite tena juma lijalo aonje ile inayofuata, na asipopita ni mwongo tu kama wasukuma velo wengine. Akapita. Akapita tena. Ndivyo tulivyozaliwa sisi.

Kwetu mtu hapewi pombe hivi hivi. Anayekupa anakunywa kwanza, macho yako yanamwona, ndipo na wewe unakunywa. Hata chupa ya kiwandani inafunguliwa mbele yako; iliyofunguliwa mahali pengine uiache hapo hapo, usiulize. Si kwamba tunachukiana. Ni desturi, na sababu yake kila mtu anaijua bila kuisema. Basi muuza pombe naye lazima anywe kwanza. Lakini mama, walipohamia Kasongo na kupanga benchi zake katika parsele hii, uwanja wa nyumba yetu, hakunywa yeye. Alimpa baba. Kila nyungu ilipoiva, baba alitoka nje, akasimama katikati ya benchi, watu wote wanamtazama, akanywa kibuyu cha kwanza bila haraka. Kisha neno moja: "Mukunywe." Hapo ndipo mama alipoanza kugawa. Watu walikiita kinywa cha kwanza, na baada ya muda wakamwita yeye mwenyewe hivyo.

Sasa sikia. Siku moja ya soko, benchi zimejaa, watu wana kiu ya jua la mchana, baba akanywa. Akanywa tena kidogo. Akasema pombe hii imetolewa mapema, kimea hakijafanya kazi yake, watu wataumwa tumbo. Wakadhani anatania. Akaishika nyungu yenyewe, akaimwaga yote chini ya migomba. Pombe ya mke wake, kazi ya mikono yake, mbele ya watu! Mama hakumsemesha juma zima. Sisi watoto ndio tulikuwa tunabeba maneno: mwambie baba yako chakula kiko tayari, mwambie mama yako nimesikia. Lakini soko lililofuata watu walijaa mpaka wengine wakakaa chini, maana nani tena angeogopa pombe ya nyumba ambayo mume anaweza kuimwaga? Mama aliliona hilo. Alirudisha salamu, na tangu siku ile hakuuza hata tone kabla baba hajaonja.

Mama alikufa mvua zilipoanza, mwaka jana. Presha, ndivyo walivyotuambia. Tulimzika, tukakaa kilio, watu wakarudi kwao. Tukapanga benchi moja juu ya nyingine nyuma ya jiko. Baba hakulia sana. Aliingia chumbani, akakaa juu ya kitanda, na akaacha kula.

Sisemi kwamba alikataa. Angekataa ningepigana naye, kupigana mimi najua. Aliacha tu. Nilimletea bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo, akanishukuru, akamega tonge moja, akalitafuna kama mtu aliyetumwa, kisha akanawa mikono. Jirani yetu Mama Aïcha, Mwislamu ambaye tone la pombe halijapita mdomoni mwake lakini ambaye alikaa kando ya mama kila jioni kwa sababu ya mazungumzo, alimletea pilau yenyewe, ile ya sikukuu. Akamshukuru sana. Pilau tukaila sisi. Mwuguzi alikuja, akampima, akasema ugonjwa haupo. Nilipombana, baba aliniambia kwamba chakula hakina ladha tena, mdomo wake umekufa. Alilisema kwa upole, kama habari ya mtu mwingine.

Suruali zake zikawa zinafungwa kwa kamba. Nilimtazama akienda bafuni, mabega yamechomoza chini ya shati, nikahesabu katika moyo wangu: nimezika mmoja, sasa nazika wa pili kabla mwaka haujaisha. Niliogopa. Sioni aibu kulisema. Mchana nilikuwa nagombana na kila mtu sokoni kwa sababu ya ule woga, na kama uko kati ya wale niliowatukana miezi ile, pole, kosa halikuwa lako.

Nikampigia simu mdogo wangu Serge. Serge anafanya kazi Bukavu, kwenye kiwanda cha pombe, lakini kiwanda kidogo kweli, watu wachache na mapipa ya chuma, si kama vile vikubwa ambavyo chupa zao ziko kila buvette, kila baa. Wanapika pilsner, bia ya rangi angavu, kwa namna ya Wacheki. Wacheki ni watu wa Ulaya, nchi yao sijui iko upande gani, lakini siku hizi naiombea kila Jumapili, na utaelewa kwa nini. Nilimwambia Serge, njoo, baba anatuacha. Akapitia Fizi na Kabambare juu ya moto, ile pikipiki ya abiria, akafika mwekundu wa vumbi kuanzia nywele mpaka viatu, na nilipofungua mfuko wake nikakuta chupa. Chupa, zimeviringishwa ndani ya mashati yake.

Nikamwuliza kama amepoteza akili. Mgonjwa haletewi pombe, analetewa maziwa, analetewa matunda. Serge akasema hicho ndicho kitu pekee anachojua kupika. Halafu, akitazama chini, akasema amepika pombe huko miaka hii yote, na baba hajawahi kuionja. Nikarudisha mashati yake mfukoni, chupa nikaziacha mezani.

Akaanza mambo yake. Alisema pilsner bila baridi ni kuitukana. Sisi friji hatuna. Basi akateka mchanga wa mtoni, mbichi, akaujaza katika nyungu kubwa ya mama, akazika chupa humo na kumwagia maji mchana kutwa, nyungu imekaa kwenye kivuli penye upepo. Jioni akafungua moja jikoni, akaimimina ndani ya glasi niliyoiosha mara mbili. Lo, ilikuwa nzuri kwa macho: rangi ya asali iliyochujwa, povu jeupe limesimama juu yake. Akaibeba chumbani kama anabeba mtoto mchanga.

Baba aliipokea kwa mikono miwili. Akamshukuru mwanawe kwa safari ndefu. Akaiweka juu ya meza ndogo, akalala, akaipa mgongo.

Povu likashuka. Baridi ikaisha. Serge alitoka akaenda kukaa nyuma ya jiko, mtu mzima mwenye ndevu, akalia, akasema baba amemkataa yeye na kazi yake pamoja. Mimi nilikuwa nawaza jambo baya zaidi: kama yule mzee amepewa pombe na hata kuinusa hakuinusa, basi kweli amekwisha kuondoka, tumebaki tunalisha shati.

Asubuhi Mama Aïcha alikuja kusalimia, akakuta glasi imejaa nzi. Nikamweleza. Akauliza chupa ilifunguliwa wapi. Jikoni, nikasema. Nani alikunywa kwanza? Hakuna, nikasema, ni baba yake Serge, angemtilia nini? Mama Aïcha akafyonya. Nikadhani atatufundisha desturi, na nilikuwa tayari kumjibu vibaya, lakini hakusema hivyo. Alikaa juu ya kigoda, akavuta kitenge chake, akasema polepole:

"Elodie, munamupelekea glasi sawa vile mugonjwa. Huyu mutu, tangu nimujue, hajakunywa peke yake hata siku moja. Iko anakunywa mbele ya watu wenye kungoja. Sasa ku chumba, nani anamungoja?"

Mwanamke asiyejua hata ladha ya pombe ameona jambo ambalo mimi, niliyekulia kati ya nyungu, sikuliona. Mungu ambariki Mama Aïcha, na wajukuu zake, na hata yule jogoo wake anayetuamsha kabla ya adhana.

Tukashusha benchi. Nilizipangusa mwenyewe, utando wa buibui na yote, nikazipanga katikati ya parsele vilevile mama alivyokuwa anazipanga, kisha nikazunguka mtaa kuwaita wateja wake wa zamani. Wakaja. Alikuja hata Papa Katembo, Mnande mnene anayefanya biashara kati ya Kasongo na machimbo ya Wamaza, ambaye zamani alikuwa hawezi kuingia mjini bila kupita kwanza kwa mama. Hatukumwambia baba kitu. Dirisha lake lilikuwa wazi, na watu wa hapa hawajui kusema chinichini.

Jua lilipoanza kuinama, Serge akaleta chupa zikiwa zimefungwa, akazifungua mbele ya macho yao, akamimina. Glasi zikasimama juu ya meza, zinatoa jasho la baridi. Watu wakazitazama. Karatasi iliyobandikwa kwenye chupa hawakuijua, rangi yenyewe ilikuwa angavu mno, na hakuna aliyenyoosha mkono. Serge, ambaye safari hii aliikumbuka desturi, akachukua glasi anywe yeye kwanza. Nikamshika mkono. Nikamwambia aiweke chini. Akanitazama kama nimerukwa na akili, lakini akaiweka.

Tukangoja. Kungoja kule sitakusahau. Povu linapungua, watu wanasogeza miguu. Nilifikiri, asipotoka sasa hatatoka tena. Papa Katembo ndiye aliyeshindwa. Hatukupanga naye, naapa, ilikuwa kiu yake mwenyewe iliyosema, na aliisema kwa ile sauti yake ya machimboni:

"Lakini hii pombe iko na mwenyewe? Tuko hapa, tunakauka, na hakuna mutu wa kutuambia tukunywe ao tuache."

Halafu tukasikia kitanda. Halafu ndara zinaburutwa sakafuni. Mama Aïcha akanibana kidole mpaka kikaniuma.

Baba akatokea mlangoni, mkono mmoja umeshika mwimo, kamba kiunoni. Akatazama benchi, moja baada ya nyingine. Akatazama watu, kisha zile glasi. Uso wake ukakaza.

"Nani amewekea watu pombe haijaonjwa?"

Nikasema ni mimi. Akasema sina akili, umri huu wote sina akili, watu wanaweza kuumwa, nyumba ikachafuka jina. Jamani, nilikuwa sijasikia hasira yake tangu kilio. Nilitamani anitukane mpaka magharibi. Asante baba, nikasema moyoni, endelea.

Alikuja mpaka katikati, akasimama mahali pake. Serge akampa glasi kwa mikono miwili. Baba akaiinua juani, akaona vidole vyake upande wa pili, akauliza kwa nini iko safi hivi, mbona haina mwili. Serge akamweleza kwamba imelala katika baridi, juma baada ya juma, mpaka uchafu wote ukashuka wenyewe. Watu wakaguna, pombe ya mama ingelala hivyo ingekuwa siki. Baba akauliza nafaka. Shayiri. Imeoteshwa kwanza? Ndiyo baba, kimea, sawasawa na mahindi ya mama. Na hii harufu ya majani? Serge akasema ni maua machungu yanayoitwa houblon, yanatoka huko huko kwa Wacheki, yanachemshwa pamoja nayo. Baba akatikisa kichwa kama fundi anayeelezwa na fundi. Akanusa kwa muda mrefu. Kisha akanywa.

Aliishika mdomoni. Nilitazama koo lake, sikutazama kitu kingine. Lilipanda, likashuka. Akafumba macho. Halafu akafanya jambo ambalo kwa pombe nzuri hajawahi kulifanya, maana siku zote funda la pili lilikuwa la kuhukumu mbaya: akanywa tena. Serge aliinamisha kichwa, akajua hii nayo itamwagwa.

"Inaanza sawa mukate," baba akasema. Alisema polepole, sauti imekwaruza kwa kukaa bila kazi. "Utamu kidogo, hapana mingi. Halafu uchungu inakuja nyuma, inapita mu kinywa yote, inafagia. Si uchungu ya dawa. Dawa inabakia. Hii inafanya kazi yake, inaenda." Akamgeukia Serge. "Povu imechoka na njia. Siku ingine usiitupe juu ya moto sawa mihogo."

Serge akacheka na machozi yanamtoka, akasema ni kweli baba, mashimo ya Kabambare yameipiga.

"Lakini ni pombe," baba akasema. "Mwenye kuipika hakukuwa na haraka."

Katika maisha yangu yote sijamsikia akimpa mtu sifa kubwa kuliko hiyo. Mama mwenyewe aliipata mara chache. Na kana kwamba amenisikia nikimwaza, baba akatazama ile glasi, akatabasamu upande mmoja, akasema Victorine angeiona hii angesema ni maji ya kuoshea nyungu. Lilikuwa ni jina ambalo halijapita mdomoni mwake tangu makaburini. Watu wakacheka, Papa Katembo akajipiga paja, na Mama Aïcha akajifunika uso kwa kitenge.

"Mukunywe," baba akasema.

Wakanywa. Kelele zikaanza, huyu anasema chungu mno, yule anasema ni chungu lakini inaita nyingine, mwingine anataka kujua kama inaponya malaria. Serge anajibu wote kwa pamoja. Mimi sikuwa nawasikiliza. Nilikuwa namwangalia baba, ambaye alibaki amesimama, ulimi unatembea ndani ya mashavu yake kama mtu anayekagua nyumba aliyoiacha muda mrefu. Akaweka mkono juu ya tumbo. Akanitafuta kwa macho.

"Elodie, mu jiko muko nini?"

Nikamwambia iko bukari na sombe ya mchana, lakini imepoa. Akasema nilete. Sikusogea. Nilitaka kulisikia tena.

"Leta, mutoto. Niko na njaa."

Nikakimbia. Sikuthubutu hata kuwasha moto, nisije nikachelewa. Nikamletea ile sahani baridi hivyo hivyo, na maji ya kunawa, akaketi kwenye benchi kati ya watu, akamega, akachovya, akameza. Akamega tena. Kelele zilipungua zenyewe mpaka zikaisha. Kila mtu katika mtaa ule alijua kwa nini suruali yake inafungwa kwa kamba. Walishika glasi zao na kumtazama mzee akila bukari, na Papa Katembo, mtu wa machimbo, alikuwa anapangusa macho waziwazi.

Alikula yote. Sombe iliyobaki aliikomba kwa kidole, akalamba, akafikiri kidogo, akaniambia chumvi imepungua.

Ilikuwa imepungua kweli. Miezi ile yote nilikuwa napika nikilia, sijui natia nini, na hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa na mdomo wa kuniambia. Nikamwambia asante baba, nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi, mbele ya wateja, nikamshukuru tena.